Hodi ya Serikali

Iko nchi moja, si hii yetu, na atakayesema ni hii yetu basi yeye ndiye aliyesema, sisi hatumo. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Twendeni. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake za lami, na ina vyama viwili vikubwa vya siasa. Kile kilichoshika madaraka kinaitwa Chama cha Kusonga. Kile kinachoyatamani kinaitwa Chama cha Kusogea. Tofauti ya kusonga na kusogea hajapata mtu kuieleza akaeleweka, lakini wako ndugu wa tumbo moja ambao hawazikani kwa ajili yake.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, alikuwako mjane mmoja aitwaye Bi Kidawa binti Haji, muuza mkate wa kumimina. Wateja wake walikuwa Wasongaji na Wasogeaji kwa pamoja, maana tumbo halina kadi ya chama. Siasa hakuijua wala hakuitamani. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena, aliyekwisha kuposwa na Makame fundi redio, na raha yake yote duniani ilikuwa kuiona ndoa ile inafungwa ndani ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Asubuhi moja Bi Kidawa alikuwa uani, ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Walioifanya kazi hii wanajua kwamba mbuzi haikaliwi kwa adabu za ofisini. Kanga hupandishwa, miguu hukaa inavyoweza, kichwa huwa wazi, na hata marehemu mumewe alikuwa akikohoa kwanza ndipo atokeze. Basi katika hali hiyo akainua macho, akamwona kijana wa watu amesimama katikati ya ua, mkononi ana futikamba.

"Habari za asubuhi, mama," akasema kijana. "Naitwa Sengondo, natoka Wizara ya Mambo ya Ndani Zaidi. Nimekuja kupima madirisha."

Serikali ilikuwa imezindua Mpango wa Taifa wa Hewa, ambao ungebaini kila nyumba inaingiza hewa kiasi gani, ili waliojaliwa upepo mwingi wawafikirie wenzao. Ulikuwa mpango mzuri, ulishapata nishani. Lakini Bi Kidawa alikuwa anatafuta ncha ya kanga.

"Umeingiaje humu?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Mlango kuwa wazi ndiyo kukaribishwa? Hodi yako iko wapi?"

Kijana akafunua mwongozo wake wa kazi, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Mama, kuna ukurasa wa kuingia na kuna ukurasa wa kupima," akasema kwa huzuni ya kweli. "Wa hodi sijauona."

Sasa katika mtaa ule desturi ni moja. Jirani hupita mlango wa uani, na hodi yake ni kukohoa. Mgeni huja mlango wa mbele, akapiga hodi hadi mara tatu, na asipojibiwa huenda zake bila kinyongo, asirudi mpaka aitwe. Mfalme akija ni hivyo, ombaomba akija ni hivyo. Bi Kidawa alijifunga kanga vizuri, akasimama, hasira zimemfika kooni.

"Toka," akasema. "Na mlango huu hapiti mgeni tena, awe mkubwa awe mdogo, mpaka wewe mwenyewe urudi, usimame pale nje, upige hodi kama alivyokufunza mamako. Naapa."

Kijana akatoka. Majirani waliokuwa wakisikiliza nyuma ya ua wakaguna kwa kuridhika. Zuwena peke yake ndiye aliyebaki mlangoni pa jiko, mkono shavuni.

"Mama," akasema, "na Makame je? Bwana harusi si mgeni yule mpaka ndoa ifungwe?"

Bi Kidawa akakaza fundo la kanga. Hilo hakuwa amelifikiria. Lakini kiapo ni kiapo, na yeye hakuwa mtu wa kula maneno yake kama anavyokula mkate. "Atarudi yule kijana," akasema. "Ana sura ya mtu mwenye mama. Kesho tu utamwona."

Kesho yake Sengondo hakuonekana. Walionekana wanawake wa mtaa, kila mmoja na komeo jipya. Kumbe Bi fulani naye alivamiwa na watu wa kupima madirisha akiwa anaoga, na Bi fulani alikutwa anamsuka mwanawe, na yupo aliyekuta ofisa amelala kwenye kitanda chake akisubiri mwenye nyumba atoke sokoni. Wakafunga milango. Mtaa wa pili wakasikia, wakafunga. Mikoani wakasikia, na huko kuna watu hawana hata milango, wakaenda kutengenezesha ili wapate ya kufunga. Kabla mwezi haujaandama, maofisa wa Mpango wa Hewa walikuwa wanarandaranda barabarani na futikamba zao, wanapimana wenyewe kwa wenyewe.

Redio ikalipa jambo hilo jina: Vuguvugu la Hodi. Na likishakuwa na jina, jambo halina mwenyewe tena.

Msemaji wa Chama cha Kusonga akaitisha waandishi wa habari. "Sisi hatuna ugomvi na hodi," akasema. "Hodi tunaipenda, tumelelewa nayo. Lakini tujiulize maswali magumu. Kwa nini milango ifungwe sasa na isifungwe mwaka juzi? Hawa wana nini huko ndani? Na nani anawauzia makomeo?" Swali la makomeo liliwatisha watu sana, ingawa kila mmoja alijua anakouziwa, ni pale kwa fundi seremala wa mtaa wake.

Kiongozi Mkuu wa Chama cha Kusogea hakukubali kuachwa nyuma. Naye akaitisha waandishi wale wale, wakahamia ukumbi wa pili na vyombo vyao. "Hili ni vuguvugu takatifu la watu wa chini," akasema, huku akipepewa. "Linataka yale yale tunayoyataka sisi, ila wenyewe bado hawajajua." Alipoulizwa ni yapi, alisema yatachapishwa. Hakuna aliyekuwa na utovu wa adabu wa kumkumbusha kwamba alipokuwa madarakani yeye, ndiye aliyeanzisha Idara ya Kuchungulia.

Bi Kidawa aliyasikia hayo yote kwenye redio aliyotengenezewa na mkwe mtarajiwa, anamenya vitunguu thaumu. Akamuuliza Zuwena, "Hao wanamsema nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi nimemwambia kijana mmoja apige hodi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Sasa una misingi."

Misingi yenyewe ililetwa na Bwana Fumo Shali. Huyu alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu wa koti linalometameta, anayeweza kumsifu bwana harusi asiyemjua hadi bwana harusi mwenyewe akageuka kutazama nani anayesemwa. Alikuja mlango wa mbele, akapiga hodi tatu zilizojaa madaha, na Bi Kidawa akamjibu kwa dirishani kwamba ameapa, haingii mtu. Bwana Fumo akatokwa na machozi. "Uthabiti," akasema. "Huu ndio uthabiti tulioupoteza." Akaketi kwenye baraza ya nje na hakuondoka tena. Jioni ile ile baraza ilikuwa Makao Makuu, na yeye ni Katibu Mwenezi.

Kila asubuhi Bi Kidawa akitoka na sinia la mikate alikuta msingi mpya umebandikwa ukutani pake. Vuguvugu linapinga mifereji ya maji, kwa kuwa wazee walichota. Vuguvugu linapinga saa za mkononi. Vuguvugu linataka ushuru upungue. Vuguvugu linataka wali uliwe kwa mkono, na kijiko kibaki kwa wagonjwa.

"Bwana Fumo," akasema siku moja, "haya nani kayasema?"

"Wewe, mama."

"Lini?"

"Uliposema hodi. Hodi ni mbegu. Mimi namwagilia tu."

"Basi unamwagilia gugu, baba. Mimi bomba la maji nalitaka. Mgongo unaniuma."

Bwana Fumo alitazama huku na huku, akamsihi kwa sauti ya chini asiyarudie maneno hayo mbele ya wafuasi, yangewavunja moyo.

Ukaja mgawanyiko. Wako waliosema hodi ni mara tatu, na wako waliosema hodi ya kweli ni moja, mbili zilizobaki ni mapokeo ya kigeni. Wakapigana ngumi sokoni, hodi moja kwa hodi tatu. Walipopatanishwa walikubaliana jambo moja tu: kwamba mlango wa uani ni hatari. Mlango ambao watu hupita kwa kukohoa, wakasema, ni mlango usio na misingi. Bi Kidawa aliporudi sokoni siku hiyo akaukuta mlango wake wa uani umezibwa kwa matofali na saruji, kazi safi, hata plasta imepigwa, na Bwana Fumo anasubiri shukrani.

Hapo ndipo alipoumia kwa mara ya kwanza. Kwa mlango ule alikuwa akipita jirani yake Bi Tufaha kila alfajiri kuomba kaa la moto, na kaa lenyewe lilikuwa kisingizio, alikuja kuzungumza. Sasa Bi Tufaha alikuwa jirani kwa nyuma na mgeni kwa mbele, na kiapo hakikujua tofauti hiyo. Wakabaki wanaongea kwa kupaza sauti juu ya ukuta, na mambo ya maana hayasemwi kwa kupaza sauti.

Upande wa Serikali nao hawakulala. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Nia. Misingi, ilisemwa, mtu yeyote anaweza kuibandika ukutani. Nia ndiyo iliyojificha. Tume ikaja Kisimani na magari, ikasimama mbele ya mlango, ikakwama. Wakigonga bila hodi, wangeonekana wanapinga mila. Wakipiga hodi, wangekuwa wameikubali hoja. Mwenyekiti wa Tume, mzee mmoja mwenye suti ya vipande vitatu katika jua lile, akaamua wahoji kupitia dirisha.

"Bi Kidawa binti Haji, siku ya tukio nia yako ilikuwa nini?"

"Nilikuwa nakuna nazi."

"Andika: nazi," akamwambia karani. "Na nyuma ya nazi hiyo alikuwepo nani?"

"Nyuma ya nazi nilikuwepo mimi."

"Kabla yako?"

"Mnazi, baba. Nazi inatoka kwenye mnazi."

Wajumbe wakatazamana. Ripoti ilipotoka, ilithibitisha kwamba vuguvugu lina chanzo kirefu, kilicho juu, chenye mizizi, na ikazitaja nchi tatu zinazolima minazi. Mabalozi wa nchi hizo wakaitwa kujieleza. Chama cha Kusogea kikaikanusha ripoti siku hiyo hiyo: nazi, kikasema, ni ishara ya mwananchi wa kawaida, mgumu kwa nje na msafi kwa ndani, na kuanzia wiki hiyo Kiongozi Mkuu akawa haendi mahali bila kuibeba nazi kwapani. Profesa mmoja alialikwa redioni kuamua. Alisema kwamba vuguvugu hili ama lina misingi bila nia, ama lina nia bila misingi, na kwamba utafiti unaendelea.

Watu wakaacha kusalimiana. Mwanamume mmoja wa mtaa wa pili alimwacha mkewe kwa kosa la kusema "karibu" kwa sauti iliyoonekana ya Kisongaji. Wakati wote huo hakuna aliyekwenda kumuuliza kijana Sengondo kama angependa kupiga hodi.

Kisha akaja mshenga. Mshenga wa akina Makame alikuwa mzee wa heshima, Mzee Shibu, na alisimama mbali kidogo na mlango ili asije akaonekana anataka kuingia. Bi Kidawa akatoka kumsikiliza.

"Bi Kidawa, mimi nimetumwa tu," akasema Mzee Shibu. "Mamake Makame anasema harusi imeahirishwa hata nguo za sare zimepauka. Anasema yeye si Msongaji wala Msogeaji, yeye ni mamake bwana harusi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tunakuja. Tutapiga hodi zetu tatu. Tukijibiwa, heri. Tusipojibiwa, tutaondoka kama desturi, na posa tutaipeleka penginepo."

"Haki yake," akasema Bi Kidawa.

Usiku wa siku ile Zuwena hakula. Hakulaumu wala hakulia, alikaa tu anakunja na kukunjua kanga moja, na Bi Kidawa akaona heri angelaumiwa. Alijiona mjinga. Aliona amekiweka kiapo chake mbele ya mtoto, na akakiogopa kiapo, na akamwonea mtoto huruma, na hakujua aanze na lipi.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali watu wamelala, alisikia mtu anakwaruza dirisha. Alikuwa Sengondo, amejitia kofia ya mviringo inayompwaya. Alikuwa amenenepa. Kwa kusimama imara dhidi ya hodi, Serikali ilikuwa imempandisha cheo akawa Mkurugenzi wa Maingilio.

"Mama," akasema, "nimekuja. Na ile siku yenyewe nilitaka kurudi, wakubwa hawakunipa kibali. Wanasema nikipiga hodi, Serikali imekiri."

"Sasa leo wamekupa?"

"Hapana. Nimetoroka." Akatazama chini. "Mama yangu kule kijijini amefunga mlango. Nilikwenda sikukuu na kitenge na sukari, akaniambia kwa ndani, nenda kwanza kwa yule mama wa watu uliyemvunjia heshima. Nimelala kwenye gari la Serikali mbele ya nyumba niliyozaliwa."

Bi Kidawa alimtazama. Hasira aliyoilea miezi yote akaitafuta, akakuta imebaki kidogo sana. "Basi zunguka hapo mlangoni, mwanangu," akasema. "Piga, nikujibu, yaishe."

Sengondo akazunguka. Akavua kofia, akakohoa, akafungua kinywa. Bwana Fumo akaruka kutoka barazani, koti linametameta, mikono ameipanua.

"Haiwezekani," akasema. "Vuguvugu zima la taifa liishie kwa hodi ya kujificha, saa nane mchana, hakuna hata kipaza sauti? Hodi hii si yako, kijana. Wala si yako, mama. Hodi hii ni ya watu."

Wafuasi waliolala kivulini wakaamka, wakampa Sengondo mbio hadi barabara kuu. Bi Kidawa alibaki nyuma ya mlango wake, ameshika komeo. Alikuwa amelifikia jambo lenyewe, akalisikia linavutwa mbali naye kwa makelele ya watu waliosema wanampigania.

Lakini habari ilivuja, na vyama vyote viwili vikaona hatari: watu wawili wangeweza kupatana bila wao. Ikaundwa Kamati ya Pamoja ya Hodi, wajumbe kutoka Kusonga, wajumbe kutoka Kusogea, na Bwana Fumo kwa niaba ya watu wa chini. Wakaketi katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Waligombana juu ya nani atasimama wapi na nani atapigwa picha upande gani. Mwishowe wakatoa tamko la maneno yatakayosemwa mlangoni, na siku waliyoichagua ilikuwa ni ile ile Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani Zaidi alisikia kuna harusi, na harusi inapendeza katika picha.

Ijumaa ikafika. Bi Kidawa alikuwa amepika tangu alfajiri, pilau na mikate, kwa imani tu. Zuwena amepambwa, hina imekoza mikononi, amekaa chumbani anasikiliza. Nje palikuwa pamejaa: bendera za Kusonga kulia, za Kusogea kushoto, vipaza sauti vinne. Bwana Fumo alikwisha kumpenyezea Bi Kidawa karatasi chini ya mlango. Ilikuwa na jibu alilotakiwa kutoa: "Karibu, kwa kuzingatia Misingi, na bila kuathiri haki ya kutokukaribisha siku zijazo." Akaifungia chumvi.

Sengondo akasukumwa mbele, Waziri bega la kulia, Kiongozi Mkuu na nazi yake bega la kushoto. Akafungua faili, akasoma:

"Serikali, baada ya kusikiliza ushauri wa Chama cha Kusogea ambao ingeufikia hata bila kusikiliza, na bila kukiri wala kukana kwamba mlango huu ni mlango, inatambua uwezekano wa kuwepo kwa mtu ndani, na inatamka nia yake ya kuingia."

Watu wakapiga makofi. Kutoka ndani sauti ya Bi Kidawa ikasikika, ya kawaida, haina kipaza sauti.

"Sijasikia hodi."

"Rudia kwa nguvu," akasema Waziri. Sengondo akarudia kwa nguvu.

"Bado sijasikia."

Kijana akalifunga lile faili, akamkabidhi Waziri kama mtu anayemshikisha mwenzake mzigo, akavua viatu vyake vya ukurugenzi akaviweka pembeni.

"Hodi, mama," akasema. "Ni mimi Sengondo. Siku ile niliingia kwako sina adabu. Nisamehe."

Bi Kidawa alikuwa ameyatunza maneno makali ya siku hiyo kwa miezi, kayapanga kama vyombo kabatini. Hodi ilipomfikia yote yakamtoka. Alijikuta analia, na analia kwa furaha, na aibu ile ya asubuhi ya mbuzi ikamdondoka mwilini.

"Karibu, mwanangu," akasema, akavuta komeo. "Pita."

Sengondo akapita. Naye Waziri akapita. Kiongozi Mkuu akamsukuma Waziri akapita pia, na nyuma yao Kamati nzima, na Tume, na Profesa, na wapiga picha, na Bwana Fumo anatangaza, wote wanamiminika ndani kusherehekea hodi, na hakuna hata mmoja aliyeipiga. Walikanyaga mikeka kwa viatu. Walifunua masufuria. Waziri akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa akaanza kueleza kwamba huu ni ushindi wa Serikali sikivu. Kiongozi Mkuu akapanda juu ya mbuzi ya nazi, akayumba, akashikiliwa, akaeleza kwamba ni ushindi wa watu wa chini dhidi ya Serikali isiyosikia. Wafuasi wa huku wakazomea wa kule. Mtu mmoja alitoa futikamba akaanza kupima dirisha, kwa mazoea.

Bi Kidawa alisimama katikati ya ua wake mwenyewe, hana pa kuweka mguu. Hapo, chini ya makelele yote, akasikia kutoka nje sauti ya Mzee Shibu, yenye heshima zake.

"Hodi."

Akajaribu kujibu, na vigelegele vya Kusogea vikaimeza sauti yake.

"Hodi," akasema Mzee Shibu mara ya pili, na nyuma yake ngoma ya akina Makame ikanyamaza kusubiri.

Bi Kidawa hakungoja. Akamtoa Zuwena chumbani kwa mkono, mtandio na hina na yote. Akamwambia Sengondo, "Mwanangu, chukua hilo sufuria kubwa," na Sengondo akalichukua, akachukua na mkeka kwapani. Wakapenya katikati ya waheshimiwa, samahani, samahani baba, tupishe kidogo, na hakuna aliyewatazama kwa kuwa hawakuwa wanahutubia. Wakatoka mlango wa mbele. Bi Kidawa akaufunga nyuma yake, akateremsha komeo la nje, akatia kufuli, akachomeka ufunguo kifuani.

"Karibuni, Mzee Shibu," akasema. "Karibu, mama Makame. Nyumba imeingiliwa, lakini mimi niko hapa."

Mkeka ukatandikwa njiani, pale pale. Bi Tufaha akatokea nyumba ya pili na mikeka mingine mitatu na birika la kahawa, akamshika Bi Kidawa mkono, wakakaa karibu karibu wanazungumza kwa sauti ndogo. Mwalimu wa chuo, aliyekuja na akina Makame kufungisha ndoa, akaketi, Makame akaketi mbele yake, anatokwa na jasho. Sengondo akapewa kazi ya kupakua.

Huko ndani hotuba zilikatika moja baada ya nyingine. Mtu alijaribu mlango wa mbele. Mtu alikimbilia wa uani, akakuta matofali na plasta nzuri. Pakawa na kunong'onezana, yumkini kikao cha kwanza cha vyama vyote viwili kilichofikia uamuzi. Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani, taratibu.

"Hodi," ikasema sauti ya Waziri.

Mwalimu alikuwa ameushika mkono wa Makame. Akasita, akamtazama Bi Kidawa.

"Hodi jamani," ikasema sauti ya Kiongozi Mkuu, bega kwa bega na ile ya kwanza. "Mama, utufungulie. Sisi ni Serikali, na sisi wengine ni Serikali ijayo."

"Nimewasikia, baba zangu," akajibu Bi Kidawa, hakuinuka mkekani. "Na mimi ni mwenye nyumba. Subirini."

Akamwashiria mwalimu aendelee.